Historia ya fedha za mkoloni isizisahau sarafu ndogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nichangie mjadala ulioanzishwa na makala uliyoichapisha hivi karibuni kuhusu historia ya fedha nchini mwetu. Mwandishi alieleza kwa ufasaha jinsi rupia ya Wajerumani ilivyoingia, jinsi shilingi ya Waingereza ilivyochukua nafasi yake, na jinsi shilingi ya Tanzania ilivyotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Juni 1966. Sina ugomvi na tarehe zake. Nilichoshindwa kukikubali ni dai lake kwamba fedha za kikoloni zilimwondolea mwananchi taabu ya kubadilishana mali kwa mali na kumpa wepesi wa kununua na kuuza. Dai hilo linaweza kuwa kweli kwa mfanyabiashara aliyehesabu rupia kwa mamia. Kwa mama aliyeuza karanga kwa kikombe pembeni mwa soko si kweli hata kidogo, kwa sababu mama huyo hakuhitaji rupia; alihitaji sarafu ndogo, na sarafu ndogo ndicho kitu ambacho serikali zote mbili za kikoloni zilishindwa kumfikishia kwa kiasi cha kutosha, kwa wakati wake, na kwa thamani iliyolingana na bei za sokoni.

Naandika kutoka Tabora, ambako nilifundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Nyumbani ninalo kopo la bati nililoachiwa na bibi yangu mzaa baba. Ndani ya kopo hilo mna tungo ya sarafu zenye tundu, zimetungwa kwenye uzi wa katani uliosokotwa kwa mkono na kufungwa fundo mara mbili. Nje ya tungo mna pesa mbili za shaba za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, moja ikiwa imesagika kiasi kwamba herufi zake unazihisi kwa ncha ya kidole kabla ya kuziona kwa macho. Mna hela kadhaa za shaba, yaani sarafu ndogo za serikali ya Wajerumani, na chini kabisa mna sarafu ya shaba ya manjano yenye taji, herufi D.O.A. (kifupi cha jina la Kijerumani la Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka 1916, namba 20, na herufi T ambayo ni kifupi cha jina la mji huu. Rupia ya fedha haimo hata moja. Bibi alizipata rupia na hakukaa nazo, kwa kuwa rupia zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa boma.

Kabla sijafika kwenye hela, sina budi kusahihisha picha ya kwamba kabla ya mkoloni watu walikuwa wakibeba mbuzi kwenda kununua chumvi. Pwani ilikuwa na fedha zake kwa muda mrefu. Riale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata ilipotengenezwa miaka mingi baadaye, ilikuwa ikihesabiwa Unguja na katika miji ya mwambao, na chini yake zilikuwapo pesa za shaba kutoka India. Sayyid Barghash alitoa pesa zake mwenyewe mwaka 1882, zenye picha ya mizani. Huku bara, na hasa hapa Unyanyembe palipokuwa njia panda ya misafara, nguo ndiyo iliyokuwa fedha, pamoja na shanga na nyaya za shaba. Nguo ilihesabiwa kwa mkono: mikono minne ilikuwa shuka, na mikono minane ilikuwa doti. Mwenye doti aliyehitaji kitu cha thamani ya mkono mmoja alikata mkono mmoja, na shanga zilihesabiwa kwa tungo, hata chembe mojamoja ikibidi. Buganda walikuwa na kauri, na mpaka leo neno la Kiganda la fedha ni ensimbi, yaani kauri zilezile. Nataja haya kwa sababu moja tu. Fedha hizo za zamani, pamoja na kasoro zake zote, zilikuwa na chenji ndani yake. Kitu kikubwa kiliweza kugawanyika hadi kufikia haja ya mnunuzi mdogo kabisa. Rupia ya fedha haikatwi.

Wajerumani waliiona haja hiyo tangu mwanzo, na kuanzia mwaka 1890 kampuni yao ilitoa rupia pamoja na pesa za shaba kwa hesabu iliyokwisha zoeleka ya kutoka India, yaani pesa 64 kwa rupia moja. Hesabu ya 64 inaweza kumchosha mtoto wa shule wa leo, lakini sokoni ilikuwa na faida kubwa: inagawanyika nusu kwa nusu mara sita bila kubaki kipande. Nusu rupia ni pesa 32, robo ni 16, nusu ya robo ni 8, na kuendelea mpaka pesa moja. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuigawa rupia kichwani kama anavyogawa mkate.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani, iliyokuwa imeshachukua madaraka ya fedha kutoka kwa kampuni, iliiondoa pesa na kuweka heller, ambayo babu zetu waliiita hela, na rupia moja ikawa hela 100. Kwa karani wa Dar es Salaam aliyeandika vitabu vya hesabu, hilo lilikuwa jambo la maendeleo. Sasa tumtazame muuza karanga. Bei yake ilikuwa pesa moja kwa kikombe. Pesa moja, kwa hesabu mpya, ni sawa na hela moja na zaidi kidogo ya nusu: 1.5625, kwa wanaopenda kuhakikisha. Hakuna sarafu ya kiasi hicho. Akisema kikombe ni hela moja, amepoteza asilimia 36 ya bei yake. Akisema ni hela mbili, mnunuzi amepandishiwa asilimia 28 kwa siku moja, na mnunuzi naye ni mtu wa hali ileile. Dawa ilikuwapo, na naomba wasomaji wako waiangalie vizuri, kwa kuwa inaonyesha jinsi jambo kubwa linavyoweza kusimama juu ya kitu kidogo sana. Hela moja na nusu ni asilimia 96 ya pesa moja. Kwa hiyo nusu hela, sarafu ndogo kuliko zote, ndiyo ingeiokoa bei ya sokoni. Serikali iliitengeneza nusu hela mwaka 1904, 1905 na 1906, kisha ikaiacha. Kwenye kopo la bibi haimo, na katika miaka yangu yote ya kuulizia sarafu za kale kwa wazee wa mji huu sijawahi kuiona mkononi mwa mtu.

Bibi alikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi wakati huo, na alikuwa akikaa na mama yake aliyeuza karanga na viazi. Alisimulia kwamba walichofanya ni kubadilisha kikombe. Bei ilikuwa hela mbili, lakini kikombe kiliongezwa kwa konzi ya mkono. Konzi ya nani? Mnunuzi alitaka konzi ya mkono wake mkubwa, na mama yake bibi alitaka yake mwenyewe. Kila mauzo yakawa na ubishi ambao haukuwapo wakati wa pesa. Wengine walikataa hela kabisa wakaendelea kudai pesa mpaka pesa zikaadimika, na mwenye duka aliyekuwa na pesa za kutosha aliweza kuzitoa kwa faida. Sidhani kama Berlin kulikuwa na mtu aliyewahi kuwaza juu ya konzi ya karanga.

Tatizo la pili lilikuwa uzito. Hela moja ina uzito wa takriban gramu 4, na rupia moja ya fedha takriban gramu 11.7. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu kilo 30. Mpagazi akibebeshwa rupia za fedha alikuwa amebeba zaidi ya rupia 2,500. Mpagazi huyohuyo akibebeshwa hela alikuwa amebeba hela 7,500, nazo ni rupia 75 tu. Nani angelipa mshahara na posho ya mpagazi kwa safari ya miezi kutoka pwani mpaka Tabora, ili afike na rupia 75? Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na kabla ya hapo kila hela iliyoonekana hapa ilikuwa imepanda mabegani mwa watu. Ndiyo maana rupia zilifika bara na chenji ikabaki pwani. Wajerumani walijaribu mwaka 1908 kutoa sarafu ya shaba ya hela 5, ambayo ilikuwa na uzito wa takriban gramu 20, yaani uzito uleule wa hela tano moja moja, na kwa hiyo haikumpunguzia mpagazi hata chembe ya mzigo. Afadhali ililetwa na sarafu nyepesi zenye tundu katikati: ya hela 10 iliyoanza kutolewa mwaka huohuo, na ya hela 5 iliyofuata mwaka 1913. Tundu lile lilikuwa jambo la akili, nakiri. Mtu asiye na mfuko wala kufuli alitunga fedha zake kwenye uzi na kuzifunga kiunoni, na tungo ya bibi ni ushahidi wake.

Juu ya uhaba huo iliwekwa kodi. Kuanzia mwaka 1898 kila nyumba ya kijijini ilitozwa kodi ya rupia 3, na nyumba za mjini zaidi ya hapo. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini mkazo wa serikali ulielekea kwenye fedha taslimu. Rupia 3 ni pesa 192. Kwa mtu anayeuza kwa pesa moja moja, hiyo ni mauzo 192 bila kula hata moja. Lakini ubaya wa kodi haukuwa ukubwa wake tu. Akida alipopita kijijini alifagia sarafu zote na kuzipeleka bomani, na boma liliwalipa askari, makarani na vibarua ambao walikaa karibu na boma na kununua katika maduka ya karibu na boma. Kijiji kilibaki kikavu mpaka msimu mwingine wa mavuno. Katika mashamba makubwa mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na alilipwa alipozimaliza, tena kwa rupia. Alirudi kwao na rupia ambayo hakuna wa kuivunja. Mwenye duka aliivunja kwa sharti kwamba ununue kitu, au kwa kukata chochote. Baadhi ya mashamba yalitengeneza hata vipande vyao vya madini vya kuwalipa watu, vipande ambavyo nje ya shamba havikuwa na thamani, na mwenye shamba ndiye aliyekuwa mwenye duka la kuvipokea. Nikisikia mtu akisema fedha za mkoloni zilileta wepesi, huwaza mtu huyo aliyesimama mbele ya duka akiwa na mshahara wa mwezi mzima mkononi na hawezi kununua chumvi ya nusu hela.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza, njia ya bahari ilizibwa na manowari za Waingereza, na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Watu walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye busara angefanya: walificha fedha za madini. Serikali ikachapisha noti hapahapa nchini mwaka 1915 na 1916, zikiwamo za rupia moja, kwenye karatasi ya aina yoyote iliyopatikana, na mwaka 1917 vikosi vya Wajerumani vilivyokuwa vikirudi nyuma kuelekea kusini viligonga noti za porini kwa mihuri ya mpira. Noti inahitaji sanduku. Nyumba ya nyasi ina mchwa, ina moshi, ina mvua inayovuja, na wakati wa vita ina moto. Aliyelazimishwa kutoa mtama wake kwa kikosi kilichopita akapewa karatasi ya namna hiyo alikuwa ametoa mtama bure, kwa kuwa waliompa karatasi hawakurudi.

Hapo ndipo inapoingia sarafu yangu ya hela 20. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani walianza kugonga sarafu zao wenyewe kwa shaba na kwa maganda ya risasi na mizinga: hela 5, hela 20, na rupia 15 za dhahabu. Hiyo ya dhahabu yenye picha ya tembo na mlima ndiyo iliyopata sifa duniani. Zilitengenezwa 16,198 tu, wakusanyaji wa sarafu wanaigombania, na kila makala ya Kizungu niliyowahi kusoma inaanza na kumaliza na tembo huyo. Lakini dhahabu ile haikuwa na kazi sokoni. Hela 20 ndizo zilizotengenezwa kwa wingi, zaidi ya milioni moja, kwa sababu hata serikali iliyokuwa ikikimbia ilitambua kwamba askari na mpagazi wasipokuwa na sarafu ya kununulia muhogo, jeshi halitembei. Yangu imegongwa vibaya. Taji limekaa upande, na ukingo wake una mkwaruzo mahali kinu kilipoteleza. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na thamani ya sarafu ile ikawa ni ya kubahatisha: leo inapokewa, kesho inakataliwa. Bibi alisema aliiweka kwa sababu mwenye duka aliikataa mbele ya watu akaona aibu, naye hakutaka kuitupa kwa kuwa aliilipia kwa kutwanga mpunga kutwa nzima.

Kuhusu wakati wa Waingereza sitasema mengi, ingawa mambo yake hayakuwa mazuri zaidi. Kabla ya vita rupia 15 za India zilikuwa sawa na pauni moja. Bei ya madini ya fedha ilipopanda duniani rupia nayo ilipanda, na mwaka 1920 serikali iliifunga kwa shilingi 2 za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Ikatolewa florin kuchukua nafasi ya rupia, na mwaka 1921 florin nayo ikaondolewa ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo ni nusu yake. Vitabu vinasimulia kwa urefu kilio cha walowezi wa Kenya ambao madeni yao ya benki yaliongezeka kwa nusu nzima. Ni kweli yaliongezeka. Lakini walowezi walikuwa na mahali pa kulilia, na waajiri wa Kenya walijifidia mwaka huohuo wa 1921 kwa kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, jambo ambalo Harry Thuku, mtetezi wa Waafrika wa Kenya, na wenzake walilipinga kidete.

Kilichosemwa kidogo ni habari ya senti. Florin ilikuwa na senti 100. Shilingi, ambayo ni nusu ya florin, nayo ilikuwa na senti 100. Kwa hiyo senti ya jana ilikuwa na thamani ya senti mbili za leo, na zote mbili ziliandikwa neno lilelile, kwa Kiingereza, kwenye vipande vya madini vinavyofanana kwa tundu lililo katikati. Mtu wa Kenya au Uganda asiyejua kusoma, mwenye sarafu ya senti 10 iliyotengenezwa wakati wa rupia, alikuwa ameshika senti 20 za shilingi bila kujua. Aliyejua alikuwa upande wa pili wa meza ya duka. Sihitaji takwimu kuniambia nani alipata na nani alipoteza katika miezi hiyo.

Unguja iliyafuata hayo mwaka 1936, ilipoacha rupia yake kwa shilingi moja na nusu. Rupia moja ikawa senti 150. Kwa mwenye rupia mia hesabu hiyo ni safi kabisa. Kwa aliyezoea kuigawa rupia kwa pesa 64, pesa moja ikawa senti 2 na theluthi moja na kitu kidogo, na theluthi ya senti haikuwapo. Ni jambo lilelile la mwaka 1904, miaka 32 baadaye, na chini ya bendera nyingine. Wenye mamlaka hawakuwa wajinga wa hesabu. Hesabu yao ilianzia juu na kushuka, ikasimama pale ambapo wao wenyewe hawakununua kitu.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919 ilikaa London mpaka mwaka 1960. Sarafu zake ziligongwa Uingereza kwa kawaida, akiba yake iliwekezwa Uingereza, na fedha mpya ziliingia kwetu pale benki ilipolipa pauni kule kwanza. Msimu wa pamba na kahawa ulipofika, senti na shilingi zilihitajika bara kwa wingi ndani ya wiki chache. Msimu ulipokwisha zilirudi mabenki na madukani. Vita vya Pili vilipokuja uhaba ulirudi, na mwaka 1943 Bodi ikatoa noti ya shilingi moja, ikiwa ni karatasi tena mahali pa sarafu. Nakubali kwamba senti yao moja ya shaba, yenye tundu lililozungukwa na pembe za ndovu, ilisaidia sana watu wa hali ya chini, na ninazo tisa kwenye tungo. Lakini kusaidiwa baada ya miaka thelathini ya taabu hakufuti taabu.

Kuna ushahidi mmoja ambao mwandishi wa makala angeweza kuupata bila kufungua jalada lolote, nao uko midomoni mwetu. Kiswahili kina majina gani ya fedha kwa jumla? Pesa, ambayo ilikuwa sehemu moja ya 64 ya rupia. Hela, ambayo ilikuwa sehemu moja ya mia. Rupia yenyewe, iliyokuwa fedha halali kwa miaka thelathini, haikupewa heshima hiyo. Hakuna anayesema "sina rupia" akimaanisha kwamba amefilisika. Hata thumni, jina tuliloiitia senti 50 mpaka juzi, ni neno la Kiarabu la sehemu ya nane, na ni nane ya ile riale ya zamani iliyohesabiwa kwa rupia mbili. Watu waliita mali yote kwa jina la kipande walichokishika kila siku na kukikosa kila siku. Lugha ilihifadhi kile ambacho ripoti za magavana hazikukiona.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni la kawaida na linawezekana. Gazeti lako linasomwa katika wilaya nyingi ambako bado kuna nyumba zenye makopo kama la bibi yangu. Waalike wasomaji waandike walichosimuliwa kuhusu sarafu hizo: ziliitwaje kwao, zilinunua nini, zilikataliwa wapi, na walifanya nini siku ya kodi zisipotosha. Waliozishika wakati wa Mjerumani wamekwisha ondoka, na wajukuu zao, ambao mimi ni mmoja, tumeshazeeka. Kila mwaka wanapita mjini kwetu watu wanaonunua sarafu za kale kwa kuzipima kwenye mizani. Wanachukua madini na hadithi inabaki bila mwenyewe, kisha nayo inapotea.

Pia naomba walimu wenzangu wanaofundisha uchumi wa kikoloni wawape wanafunzi hesabu ya kikombe cha karanga, pesa moja kwenda hela moja au mbili, kabla ya kuwapa orodha ya mazao ya biashara. Nimeifundisha kwa miaka mingi. Darasa hunyamaza, kisha mtoto mmoja huuliza kwa nini hawakuendelea kutengeneza nusu hela, na hapo ndipo somo linapoanza.

Mwenye makala, kama atapenda, namkaribisha Tabora. Kopo liko kwenye rafu ya sebuleni, na nitamfungulia mwenyewe lile fundo la uzi wa katani ili azishike sarafu hizo moja moja.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tabora